Madumu Manne ya Maji

Nyumba za Wafanyakazi,
Chumba cha Sita.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako limetulia, au bado linakugombeza ukipanda ngazi? Usinifiche. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili na ameyajaribu kwenye kidole cha baba yake, kwa hiyo mgonjwa wetu ni huyo mmoja tu.

Mwezi uliopita sikukuandikia, moyo ulikuwa juu juu. Unajua mkataba wangu wa usafi pale ofisi ya ardhi ya serikali ulikuwa unaisha. Sabuni ya kupigia deki nayo ilikuwa inaisha kabla ya wakati wake, na mtunza stoo, tunayemwita Chapchap, akawaambia wakubwa naibeba kufulia nepi. Kweli nepi ni nyingi, lakini nafulia sabuni yangu ya kipande. Wakubwa wakasema nikipatikana na kosa jingine, basi.

Ndipo akaja mama mkaguzi kutufundisha, hata sisi wa mafagio, jinsi mali ya serikali inavyopotea. Mengi yalinipita. Nilishika moja: pakiandikwa "nimeona", usitie saini kabla hujaona.

Wiki iliyofuata yakaja madumu kumi ya sabuni. Chapchap akanipa fomu kama kawaida, "Nimeona na kupokea". Nikamwambia nataka kuona.

"Si hayo hapo, mama mtoto? Umepofuka?"

"Hayo ni madumu, kaka. Fomu inasema sabuni."

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi sikuwa natania, Shangazi, nilielewa hivyo. Nikafungua moja moja, nikamimina kidogo kiganjani, nikasugua. Sita yakatoa povu. Manne yalikuwa maji yaliyotiwa rangi ya kijani.

Chapchap akaniambia kwa sauti ya chini niandike kumi, kwani neno lake ndilo litakalonibakiza au kunifukuza. Nikamfikiria mtoto. Kisha nikaandika kwa zile herufi kubwa ulizonifundisha: NIMEONA SITA YA SABUNI NA MANNE YA MAJI. Nikarudi nyumbani nikijua sina kazi.

Kumbe fomu ilimfikia mama mkaguzi, akafukua na za nyuma zote. Chapchap amesimamishwa, yeye na mleta madumu wanajibu maswali. Sasa kila mzigo unafunguliwa mlangoni, na sabuni inafika mwisho wa mwezi ikabaki. Mimi makarani wananiita Mama Povu.

Ijumaa nikaitwa kupewa barua ya ajira ya kudumu. Karani akanionyesha pa kutia saini. Palikuwa pameandikwa "nimesoma na kuelewa". Nikavuta kiti. Kurasa tatu, Shangazi, kidole chini ya mstari kama ulivyonizoesha, foleni nyuma yangu ikikohoa.

"Mama Povu, na humo kuna maji?"

"Sijui bado, sijamaliza."

Nilipomaliza nikatia saini, na jina langu halikutoka nje ya mstari.

Nisalimie Babu fundi viatu, na Binamu Mrefu mwambie mpwa wake anamtafuta kwa meno. Mungu akulinde, akulainishie na hilo goti.

Barua hii nimeisoma mara mbili kabla ya kuifunga. Yote niliyoandika nimeyaona.

Mimi mwanao nikupendaye,
Mama Povu