Binti Alitengeneza Mashine, Mimi Nikampa Trei

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijawa mgeni ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Mimi ni fundi wa friji, nina karakana yangu na wateja wanaoniheshimu, nina mke na watoto wawili, wa kwanza binti aliyemaliza sekondari juzi tu na wa pili mvulana anayemfuata, na nataka ujue mapema kwamba mimi si mtu wa mambo ya kale, kwa sababu nimo kwenye kamati ya maendeleo ya mtaa wetu na ni mimi niliyefungua maonyesho ya sayansi ya vijana, nikasema sayansi haichagui mwanamke wala mwanamume, na ukumbi mzima ukanipigia makofi.

Binti huyu tangu mdogo alikuwa habanduki karakana, ananishikia tochi na kuniuliza joto linakwenda wapi friji ikipoa, nami nilikuwa nacheka na kumjibu, lakini alipovunja ungo nilimwondoa kwa heshima yake mwenyewe, maana pale wanaingia wanaume wa kila aina, nikamwingiza mdogo wake, ambaye kusema kweli akishika bisibisi utadhani ameshika nyoka, ila ni mvulana na nilijua atazoea.

Kumbe binti hakuacha, alichukua gamba la friji bovu lililotupwa uani, akatia balbu, feni ndogo na bakuli la maji, akaligeuza kuwa mashine ya kutotolesha vifaranga, na vifaranga wakatoka kweli, mke wangu sasa anawafuga. Nisikufiche, nilifurahi, na ni mimi niliyesema ipelekwe kwenye maonyesho hayo, ila nilimwagiza mdogo wake ndiye asimame mezani kuieleza, kwa kuwa wateja wangu wangekuwepo na huyo ndiye mrithi wa karakana, na dada mtu nikamwomba agawe soda kwa wageni kwa sababu ana adabu na tabasamu zuri, naye hakubisha.

Akaja jaji, mama mmoja mhandisi anayesimamia vyumba vya baridi kwenye ghala la dawa, akamuuliza kijana wangu, "Haya maji ndani ya mashine ya joto ni ya nini?" Kijana akaitazama mashine kama anaiona kwa mara ya kwanza, akanitazama mimi, nami nikamkonyeza aseme chochote, lakini akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, mimi sijui. Muulizeni dada, yule pale mwenye trei. Yeye ndiye aliyeitengeneza." Binti akaweka trei chini, akafuta mikono kwenye sketi, akaja akaeleza kwamba hewa ikikauka utando wa yai humganda kifaranga naye hushindwa kutoka, akaeleza na feni na namna balbu inavyojizima joto likitosha, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kusogea, na mimi nikazidi kusogea nyuma mpaka nikagusa ukuta.

Tulipofika nyumbani nilimwambia, "Umenivua nguo mbele ya watu." Akanijibu kwa upole kabisa, "Baba, mimi nilikuwa nagawa soda." Kisha akafungasha nguo zake akaenda kwa mama yake mdogo, na mke wangu tangu siku hiyo haniambii neno zaidi ya "Chakula tayari," na kijana naye, badala ya kuniomba radhi, amenitangazia kwamba karakana haitaki, anataka kuwa mwalimu wa chekechea, nami nauliza, ni mwanamume gani anasomea kufuta watoto kamasi?

Sasa yule mhandisi amenipigia simu, anataka binti aende kujifunza kwake kipindi hiki anachongoja matokeo, ila hampokei bila ruhusa ya mzazi, na mimi nikiwaza msichana amevaa ovaroli katikati ya mafundi wa kiume, na baadaye nani atamuoa, moyo unakataa. Nisaidie, nimkatalie kwa maneno gani ili arudi nyumbani na asinichukie?

Ni mimi, Baba Mwenye Nia Njema.

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Fundi, hilo jina la nia njema nitakurudishia, litafute mwenyewe lilikoangukia.

Nimekuelewa vizuri. Hukuniuliza kama umkatalie binti yako au usimkatalie, hilo umeshaamua. Unataka nikufundishe kumkanyaga mtu naye akusifie viatu vyako. Ufundi huo sina.

Ulisimama jukwaani ukasema sayansi haichagui. Ni kweli, haikuchagua. Aliyechagua ni wewe, kabla hata hujapanda jukwaani, ulipomkabidhi mmoja mashine asiyoijua na mwingine trei ya soda. Na bado unanitajia makofi.

Unasema ulimtoa karakana kwa heshima yake kwa kuwa wanaingia wanaume wa kila aina. Karakana ni yako. Ungeweza kumwambia mteja asiye na adabu apeleke friji yake kwingine. Hukumfukuza hata mmoja, ukamfukuza mtoto aliyekuwa anakushikia tochi, kisha ukasema huyo mtoto ndiye aliyeheshimiwa. Leo unaogopa mafundi wa kiume wa ghala la dawa watamfanyia nini. Hao hawajamfanyia kitu. Mwanamume pekee aliyemnyang'anya kazi yake mpaka sasa anakula chakula cha mkewe kimyakimya.

Kila wiki wazazi wananiandikia kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi sayansi, hasa wasichana, na kamati kama yako zinaandaa maonyesho ili wapendezwe. Binti yako hakuhitaji kushawishiwa na mtu. Alikuuliza joto linakwenda wapi, na siku ulipoacha kumjibu akaenda kutafuta jibu kwenye gamba la friji uani, peke yake. Wengi hawana ukaidi huo. Wengi wakifukuzwa mlangoni hawarudi, halafu baba zao wanashika vipaza sauti na kuuliza wasichana wako wapi.

Tuje kwa kijana wako, ambaye unamwonea haya. Ulimsimamisha mbele ya watu adanganye, tena ukamkonyeza, naye akakataa. Pale ukumbini mlikuwa wanaume wawili wa nyumba moja, na aliyekuwa na ujasiri si mwenye ndevu. Unauliza ni mwanamume gani anayefuta watoto kamasi. Zako alifuta nani? Kama ni mama yako peke yake, basi naanza kuelewa barua hii. Mtoto wa chekechea atakayekuwa na mwalimu asiyeweza kusema uongo hata akikonyezwa na baba yake, amepata bahati.

Sikatai kwamba una maumivu. Kujenga karakana kwa miaka, ukaiandaa kwa ajili ya mtu, na mtu huyo akasema siitaki, kunauma. Na najua kwamba siku ile ukutani kuna sehemu ndogo ya moyo wako ilimsikia binti anavyoeleza ile feni, ikataka kusema, "Huyu ni wangu." Uliinyamazisha kwa sababu ya wateja. Hapo ndipo ulipojivua nguo, na hukusaidiwa na mtu.

Sasa sikiliza, na usinijibu. Leo, kabla hujaongea na yeyote nyumbani kwako, mpigie simu yule mhandisi umwambie umeruhusu. Usiseme utafikiria, usiulize kuhusu ovaroli. Mwulize binti aripoti saa ngapi, basi. Ufanye hivi kwanza, kwa sababu nakujua: ukimfuata binti ukiwa na ruhusa mfukoni utaigeuza bei ya msamaha, utasema rudi nyumbani ndipo uende. Iondoe mikononi mwako mapema.

Kisha mwambie kijana, mbele ya mama yake, kwamba alisema kweli na wewe ndiye uliyemtuma aseme uongo. Habari ya chekechea iache, hiyo si kesi, ni kazi.

Suala la nani atamuoa liache pia. Atakayemkimbia mwanamke kwa kuwa anajua kutengeneza kitu, aachwe akimbie, na asiambiwe njia ya kurudi.

Halafu nenda kwa shemeji yako, mchana, bila mjumbe na bila mzee wa kukusemea. Piga hodi. Binti akitoka, mwambie, "Mashine ilikuwa yako na mimi nilikuibia." Usiongeze "lakini." Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usimwambie asilie. Na akikuambia bado hataki kukuona, rudi ulikotoka bila kununa. Ruhusa utakuwa umeshaitoa, na ataripoti kazini, akiwa amekusamehe au hajakusamehe.