Mwendo Ambao Hawakuuiga Msibani

Ijumaa asubuhi, wiki ya tatu tangu uzikwe, na mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Dar es Salaam.

Mtani wangu Kheri,

Sikuwahi mazishi. Ulikufa alfajiri, na kabla ya alasiri ulikuwa umeshalala Kisutu karibu na wazee wako. Mimi hata tiketi nilikuwa sijauliza. Nililiona jeneza kwenye simu, likipita juu ya mabega ya watu katikati ya mabango ya maduka. Mwanao Mwajuma ndiye aliyenitumia.

Akanitumia na video nyingine. Uwani kwako Buguruni, Mnyamwezi mwenzangu, muuza viatu wa Mtaa wa Kongo, kijana wa juzi tu, ameshika nafasi yangu ya utani. Amevaa kanzu yako, ameshika mkongojo wako, anachechemea mbele ya wafiwa akifoka: "Nipisheni! Mzaramo mwenye mji napita!" Watu wanashika mbavu. Dada yako Zainabu anacheka huku analia. Kijana alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa, simlaumu. Lakini nilizima simu. Ule ulikuwa mguu wako mbovu. Mwendo wako wenyewe hakuna aliyeuiga. Walioujua wamekwisha.

Mimi nauona. Mtaa wa Sikukuu, jua la utosini, majora ya khanga begani, unapenya kwenye msongamano bila kumgusa mtu. Ulitua kwa vidole, kisigino kikionja ardhi kidogo tu, kama mtoto anayekatiza sakafu ambayo mama yake ndiyo kwanza ameideki. Jioni, Jangwani, ulikimbia vivyo hivyo, nami nyuma yako nakula vumbi. "We mtumwa wangu, babu zako walitoka Tabora na pembe za ndovu kichwani, wewe na kaptura tupu unahema?" Nikakujibu kwamba babu zangu walipofika pwani waliwakuta nyinyi mmelala.

Kisha siku ile, tukikimbia Jangwani, kano la kisigino likakatika. Sote tulisikia mlio wake. Ulidhani umepigwa jiwe, ukageuka kumtukana mtu, na nyuma yako hapakuwa na mtu. Tukakukanda kwa maji moto na chumvi, tukakufunga kitambaa, tukakwambia utapona. Hatukujua kingine.

Ni kisigino hicho kilichonipeleka kusomea shahada ya uzamivu ya mwendo wa mwili, ingawa wewe ulipenda kuwatangazia watu kuwa Mnyamwezi amepelekwa Ulaya kufundishwa kutembea. Wenye chuo walinifadhili ada na chakula. Asubuhi niliwafunga wanariadha wao bendeji za vifundo na kuwasimamia mazoezi. Mchana niliwabandika vitufe vinavyong'aa kwenye nyonga na magoti ili kamera zinase mwendo wao, wakakimbia juu ya bamba la sakafuni linalopima nguvu ya kila hatua. Nilipofika mahali pa kuelewa kwamba kano lile lingeshonwa mapema ungekimbia tena, wewe ulikuwa umeshazoeana na mkongojo. Nilikwambia kwa simu. Ukasema, "Basi wape wengine, mtani."

Niliwapa wengine. Wote walikuwa wa huku.

Juzi Mwajuma alipiga. "Shikamoo baba mdogo. Arobaini tunakusubiri wewe. Baba alisema utakuja utuoneshe alivyokuwa anatembea ujanani. Sisi hatukuwahi kumwona." Nilimwambia anipe muda. Nikatoka kwenye korido ya nyumba hii ya wazee, nikavua viatu, nikajaribu. Najua kila kiungo chako kilivyokwenda: bega la kulia linatangulia, goti limelegea, kichwa hakiyumbi. Lakini nyonga yangu ya kushoto ni ya chuma sasa. Nikatua kwa kisigino, puu, kama gunia la mchele. Nikashika ukuta. Muuguzi akaja mbio akidhani naanguka. Kwenye kioo cha mlango nikamwona mzee anachechemea. Nilikuwa naiga kilekile alichoiga muuza viatu, tena yeye alikiiga vizuri zaidi.

Nikampigia Mwajuma nimweleze kwa maneno. Nikataja pembe ya goti, nikataja uzito unavyohama kutoka mguu huu kwenda ule. Maisha yangu yote nimekula kwa maneno hayo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Sawa, baba mdogo. Ila si ungekuja tu?"

Nikamsikia anajizuia kulia, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, kwa kukohoa.

Kwaheri, Kheri. Mungu akupumzishe. Nikienda, wanao wataona mguu mbovu wa pili tu. Nakuahidi jambo moja, maana ndilo ninaloliweza. Siku watakayosoma khitma Buguruni, nitaipita korido hii peku kutoka mlango hadi mlango, hata kwa kushika ukuta, na nitajitukana mwenyewe kwa niaba yako. Hakuna atakayecheka, kwani huku hawajui mtani ni nani. Na mwendo wako nitazikwa nao hukuhuku.

Leo nimemwambia Mwajuma asinitandikie kitanda. Sitarudi Dar es Salaam.