Mkono wa Mtoto Kwenye Gunia la Mbaazi

Voi, Jumamosi ya mwisho ya Agosti

Mama Wakio mpendwa,

Nakuandikia hapa dukani, mchana, upepo ukipitisha vumbi jekundu chini ya mlango. Nimeinuka mara nyingi kabla ya kuandika mstari huu. Nimefagia mahali nilipokwisha kufagia, nimelisogeza gunia la maharagwe karibu na ukuta, kisha nimelirudisha lilipokuwa. Tangu ulipotuacha siwezi kukaa. Nikikaa kidogo tu nasikia duka lilivyo bila sauti yako, kwa hiyo najitafutia kazi.

Unajua mimi duka hili sikulijua. Miaka yote ile nilikuwa Taveta nikitengeneza pampu za maji mashambani, nikifika nyumbani mwisho wa wiki na nguo zinanuka dizeli. "Mgeni wa Jumamosi amefika," ulikuwa ukiwaambia watoto, "mpisheni akae." Nilicheka pamoja nanyi. Tulipokuzika Sagalla niliacha kazi ya pampu nikaja kusimama hapa ulipokuwa ukisimama. Nimejifunza kuuma punje ya hindi kwa meno kujua kama limekauka, vile ulivyokuwa ukifanya, ukigeuza uso pembeni kwa heshima ya mwenye mahindi. Nimejifunza kusawazisha gorogoro, lile kopo la kupimia, bila kuonekana mchoyo. Lakini watoto wakati wa likizo, hilo hukunifundisha.

Shule zilipofunga niliwaza watanipunguzia upweke. Walinipunguzia, ndiyo, kama vile nyuki wanavyompunguzia mtu upweke. Wakio amekuwa mrefu na anajibu. Nyambu hawezi kupita karibu na gunia bila kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Saru, ambaye ulimwacha akiwa bado hajui kufunga viatu, anapanda juu ya kila kitu. Na wote watatu waligombania kitu kimoja tu, lile debe lako kuukuu ulilokuwa ukilipindua chini juu hapa kando ya mbaazi.

"Toka hapo, Nyambu, ni mimi leo."

"Wewe ulikuwa jana."

"Jana hakukuja mtu. Hiyo haihesabiwi."

"Baba, ona Saru ameweka mguu kwa gunia!"

Hivyo kutoka asubuhi. Niliwaletea viti vya plastiki kutoka nyumbani, kila mtu chake. Hawakuvitazama. Wateja walikuwa wakisimama nje wakisubiri vita viishe ndipo waingie. Nilijiambia watoto wa siku hizi wana wazimu wao, tena hawa wamefiwa, labda ndivyo wanavyolia.

Habari zilipanda mlima zikamfikia mama yako. Akanipigia simu. "Mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "hao watoto wamekushinda. Ijumaa nitashuka niwachukue. Hata huku Sagalla kuna shule."

Unajua sijawahi kubishana naye. Tangu siku niliyokuja kwenu na wazee kuposa, mbele yake mimi huangalia ardhi. Nikasema, "Sawa, mama." Nikaikata simu nikaanza kupima mahindi ambayo hakuna mtu aliyeyaitisha. Nilipima, nikarudisha, nikapima tena. Nilikuwa najiuliza nyumba itakuwaje jioni nikirudi peke yangu na funguo zako mfukoni. Halafu, nitakwambia ukweli, wakapiga kelele tena nikasikia sehemu yangu moja ikisema, waende, upumzike. Sehemu hiyo iliniogopesha kuliko simu yenyewe.

Kesho yake waliligombania debe mpaka wakaliangusha gunia la ndengu ndani ya gunia la mbaazi. Nikapaza sauti. Mimi, ambaye ulikuwa ukinicheka kwamba namwomba radhi kuku ninapompita. Nikalichukua debe nikaliweka juu ya rafu ya mwisho, karibu na bati. "Hakuna wa kukaa hapa," nikasema, "na sitaki kuona mkono ndani ya gunia."

Wakanyamaza. Walikaa sakafuni na sinia, wakazichagua ndengu kutoka kwenye mbaazi bila neno hata moja. Saru aliingia chini ya kaunta akabaki huko ameshika pindo la leso yako, ile ya maua ya zambarau inayofunika mizani. Ukimya huo nilikuwa nimeuomba kwa wiki nzima, na ulipofika sikujua niuweke wapi.

Alhamisi akaja yule mama wa Rukanga, mrefu, mwenye kiondo cha mistari ya kijani. Bila shaka unamkumbuka, yeye anakukumbuka sana. Nikampimia gorogoro ya mbaazi, nikamimina. Hakuondoka. Alisimama ameshika kiondo wazi. Nikakumbuka nyongeza, nikachota kwa mkono wangu nikamtilia. Bado amesimama.

"Na mtoto?" akaniuliza.

"Mtoto gani, mama?"

"Wa kuniongezea. Mkono wako ni mkubwa, Baba Wakio, utafunga duka kabla ya Krismasi." Akacheka, kisha akaona sielewi, akapunguza sauti. "Marehemu alikuwa na mtoto wa zamu wakati wa likizo. Alikuwa akimkalisha hapo kwa debe. Ukishapimiwa, mtoto anakuongezea kwa mkono wake. Sisi tulikuwa tunapita maduka mengine yote tukija kwa huo mkono mdogo. Wanangu wameenda mbali. Hiyo ndiyo siku yangu ya kupewa kitu na mtoto."

Niligeuka. Walikuwa wamesimama wote watatu karibu na mlango wa nyuma, wananitazama.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Wakio aliinua kidevu, vile ulivyokuwa ukikiinua. "Tulijua unajua," akasema. "Tulijua hutaki tu."

Mama Wakio, nimeyazungusha maneno hayo kichwani mpaka leo. Kumbe ile mikono yote ndani ya magunia ilikuwa ikitafuta kazi yake. Na mimi nikawa nawaletea viti vya plastiki.

Ndipo nikakumbuka Jumamosi moja, kabla hujaanza kuugua. Niliingia nimechoka nikajikalia juu ya hilo debe bila kuuliza. Nyambu akafungua mdomo kulalamika, ukamzuia kwa macho. Mteja alipokuja ukamwambia, "Leo mtoto ni huyu," ukaniashiria nichote. Nikachota kwa mikono miwili, mbaazi zikamwagika, mkacheka wote hata mteja. Nilidhani mnacheka ukarimu wangu. Ungeniambia siku ile. Au labda uliniambia, na mimi sikuwa nimekaa muda wa kutosha kusikia.

Nililishusha debe pale pale. "Zamu ni ya nani?" Wakaanza kupigana upya, lakini safari hii nilisikiliza wanachosema, na haki ilikuwa ya Saru. Akatoka pale mlangoni, akachota mbaazi, akazitia katika kiondo taratibu kama anayemlaza mtoto. Yule mama aliinama akamwambia, "Asante, mama," akaondoka.

Jana mama yako akashuka kama alivyosema, na bodaboda, na mfuko mkubwa wa kubebea nguo za watoto. Nikampa kiti. Akakaa, mfuko magotini, akatazama. Sitakudanganya kwamba walikuwa malaika. Nyambu alimrushia Wakio harage likampata sikioni. Lakini wateja walipoingia, Saru, aliyeachiwa zamu na Wakio, aliketi wima juu ya debe kama karani, na hakuna aliyemgusa.

Mama yako alipoinuka na kusema, "Haya, nguo zao ziko wapi?" moyo wangu ulikuwa ukigonga kama pampu iliyoingia hewa. Niliyainua macho. Ni mara ya kwanza nimemtazama usoni, ana macho yako, sikujua.

"Mama," nikasema, "naomba waniachie. Nilikuwa sijajua kazi. Sasa naijua kidogo."

Wakio aliacha kupangusa sikio. Kisha mama yako akaufungua ule mfuko akauweka juu ya kaunta.

"Nipimie mbaazi."

Nikampimia, nikamimina. Akauchukua mfuko akauinamisha mbele ya Saru. Saru akachota, akatia.

"Ongeza tena. Mimi si ni nyanya yako?"

Saru akatikisa kichwa. "Ni mkono mmoja tu. Mama alisema."

Mama yako akacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu tukuzike. Akapanda bodaboda, akaupakata mfuko uliokuja kuchukua nguo, ukiwa na mbaazi ndani yake. "Disemba nitakuja kuangalia tena," akaniambia. Aliniambia mimi, akinitazama.

Sijatulia bado, mke wangu. Shule zinakaribia kufunguliwa na tayari naogopa duka litakavyokuwa bila vita. Usiku wa likizo ndefu ya Disemba, ugonjwa mdogo wa mtoto, neno ambalo msichana humwambia mama yake peke yake, hayo yote sijui yanakaaje. Ni mengi ulikuwa ukiyafanya siku za wiki, mimi sipo. Nitakuwa nawauliza watoto.

Nililikalia debe hili nikuandikie, na sasa Nyambu amesimama mbele yangu, mikono kiunoni. Anasema mteja anakuja na zamu ni yake. Nampisha.

Ukitukumbuka huko uliko, usitukumbuke kaburini Sagalla na nguo zile nyeusi. Tukumbuke hapa, katika kelele hizi. Na unikumbuke mimi pia.

Wako,
Mgeni wa Jumamosi,
Baba Wakio