Gauni Ulilonishonea

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa kushinda kwenye cherehani. Gauni limefika, na kila mtu ameisifu rangi yake. Kwenye picha hii ninayokutumia linaonekana limenikaa vizuri, lakini mgongoni Mama amelibana kwa pini. Anasema umesahau vipimo vyangu.

Hukusahau, Shangazi. Nyumbani nasema nimekula shuleni. Shuleni nasema nitakula nyumbani. Nilitaka kufanana na wasichana wa kwenye simu. Rafiki zangu wananiambia nimependeza, kisha wanaenda kula bila mimi.

Mama atakurudishia gauni ulipunguze. Tafadhali usilipunguze. Mwambie cherehani imeharibika. Nataka siku moja linienee hivyo hivyo lilivyo.

Ni mimi,
binti wa kaka yako