Mtoto Wako Alipewa Kuwa Usiku

Mama Mumbua,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kikamba naongea na wewe pale kwa kaburi, lakini barua zetu zote zilikuwa za Kiswahili, tangu ile wakati nilikuwa kazi Athi River na wewe uko hapa Kalama. Ulikuwa unacheka mwandiko yangu. Ati ni kama kuku imepita kwa karatasi. Basi soma kuku.

Kwanza habari ya nyumbani. Mabati ya jikoni nimepiga misumari upya. Ile mbuzi ya mabaka ilizaa mapacha. Silanga, ile bwawa mlijenga na wamama wa mwethya, kikundi chenu cha kusaidiana, imejaa mchanga, na sasa mtu akichimba kidogo tu anapata maji, hata jua ikiwa kali. Hiyo ungependa kuona, maana wewe ndio ulibeba mawe na mgongo. Mimi niko. Bado nachonga mawe, siku hizi hapa karibu kwa machimbo. Bado narudi jioni nikiwa mweupe kama mtu ameanguka kwa unga.

Sasa maneno yenye imenifanya nishike kalamu ni ya Mumbua.

Mama Kioko alinunua televisheni. Ameweka kwa duka yake, inatumia betri ya gari. Jumamosi watoto wakimaliza kuchota maji wote wako hapo, kwa sababu anawawekea kanda za katuni. Mama zao wakikuja kuwatafuta wananunua sukari. Yeye si mjinga.

Katuni ni watu wa kuchorwa lakini wanatembea na wanaimba. Karibu zote ni za msichana mmoja, mtoto wa mfalme. Wanamwita prinses.

Siku moja nilienda kumtoa mtoto huko, nikasimama kwa mlango nikaangalia. Mama Mumbua, yule msichana ni mweupe kama chokaa. Nywele yake ni kama ile ndevu ya mahindi changa, imefika mpaka kiuno. Ile kanda ikaisha, Mama Kioko akaweka ingine. Prinses mwingine. Mweupe. Nikamwuliza, "Hakuna ya mtu mwingine?" Akasema, "Ziko mingi, lakini ni dada zake." Nikamwuliza, "Na mweusi hakuna?" Akasema, "Ako hapo mbele, baba Mumbua, ngoja." Nikangoja. Ilikuwa farasi.

Nilicheka siku hiyo. Sikujua mtoto anaangalia hiyo kitu na macho gani.

Wakitoka hapo wanacheza kwa njia. Kila msichana anavaa sweta kwa kichwa, mikono ya sweta inaning'inia nyuma, hiyo ndio nywele. Mumbua alikuwa anachukua sweta yangu ya kazi kwa sababu ni ndefu. Lakini kuna Faith, mtoto wa mwenye posho mill, ile mashine ya kusaga unga. Yeye ni maji ya kunde kidogo na nywele yake imechomwa ikalala. Faith akamwambia, "Wewe Mumbua huwezi kuwa prinses. Prinses hakai kama makaa. Wewe shika farasi." Na yeye akashika farasi. Hizo aliniambia mwenyewe, akipepeta maharagwe, kama mtu anakuambia bei ya mahindi.

Halafu akasema, "Lakini Baba, mimi niko na kitu moja ya prinses."

Nikamwuliza ni gani.

"Mama zao hufa. Hata wangu alikufa. Rangi sina, nywele sina, lakini hiyo niko nayo."

Akaendelea kupepeta.

Mimi nikatoka nje. Nikaenda kuangalia mbuzi. Mbuzi haikuwa na shida yoyote.

Baada ya hiyo akakataa jina. Wewe unajua vile tulimpatia jina ya mama yangu, na ndio maana namwita mwaitu, mama. Nilikuwa nikisema "Mwaitu, leta maji," anakuja mbio. Sasa naita, kimya. Naita tena, kimya. Nikaenda nikamkuta ameketi tu, anasikia vizuri sana. Akaniambia, "Hakuna prinses anaitwa Mumbua. Mumbua ni jina ya mtu wa kuchota maji." Akaniambia jina ingine ametoa kwa kanda. Hiyo jina ulimi yangu ilikataa. Nikamwambia, "Hiyo nikiita hapa, atakuja mtoto wa nani?"

Wewe ungejua maneno ya kumwambia. Mimi najua jiwe. Jiwe ikikataa unatafuta mahali ya kupiga. Mtoto utapiga wapi.

Halafu ikakuja mambo ya kufunga shule. Mwalimu wa darasa la tatu akasema darasa lake watafanya mchezo, wazazi wakuje waone. Prinses amepotea kwa msitu, usiku inaingia, asubuhi inakuja, anapatikana, wanaimba, imeisha. Akauliza nani anataka kuwa prinses. Mumbua akainua mkono. Darasa yote ikacheka. Mwalimu naye akasema, "Faith atakuwa prinses. Wewe Mumbua utakuwa usiku. Utasimama nyuma umeshika shuka nyeusi. Hata hauna kitu ya kusema, ni rahisi." Mtoto mmoja huko nyuma akasema, "Shuka ya nini? Si asimame tu hivyo!"

Wakacheka tena.

Hiyo jioni nilivua koti ya kazi nikaitundika nje kama kawaida, nikaenda kuoga. Kurudi, koti hakuna. Nikamkuta nyuma ya nyumba. Ametandika koti yangu chini, anaipiga na mkono, ile vumbi ya mawe ikitoka anajipaka. Uso. Shingo. Mikono mpaka hapa kwa kiwiko. Akaniangalia akasema, "Baba, niangalie."

Anakohoa. Na ananiambia nimwangalie.

Nilichukua karai nikamwosha. Alipigana na mimi kama paka. Nikamshika tu, nikaosha. Nikamwambia, "Hii ni mawe, mwaitu. Hata mimi nikitoka kule niko mweupe. Umewahi kuona mtu ananiita mfalme?"

Akacheka kidogo na kamasi. Halafu ndio akalia. Na mimi hapo hapo, maji ikiwa bado kwa mikono, nikasema hii maneno haitaishia kwa hii karai.

Kesho yake sikuenda kazi. Nilienda shule. Unajua sipendi kwenda shule, hata kiti yao naona ni kama itavunjika. Nikamwambia mwalimu nataka mtoto wangu awe prinses. Yeye si mtu mbaya. Alinipatia kiti. Akaniambia, "Mzee, hii ni mchezo tu ya watoto."

Nikamwambia, "Kama ni mchezo tu, mpatie."

"Watoto wameona video. Wanajua prinses hukaa aje."

"Wewe mwalimu umewahi kuona mmoja na macho yako?"

"Hapana."

"Hata mimi. Basi hapa hakuna mtu anajua."

Akasema nguo ya Faith imeshashonwa, mama yake ameshaleta, atamwambia nini huyo mama? Na hapo nikaona, Mama Mumbua, nikisukuma nitamnyang'anya mtoto mwingine nguo, na huyo mtoto pia ni wa mtu. Nikakaa. Lakini sikutoka. Mwalimu akaona sitoki. Akasema, "Sawa. Nitampatia usiku maneno ya kusema. Lakini mimi sina hizo maneno. Atafute nyumbani."

Nikarudi na hiyo. Nikamwambia Mumbua. Akafikiria, akaniuliza, "Usiku husema nini?"

Nikamwambia mimi sijui, usiku ni giza tu.

Akasema, "Mama alikuwa anasema."

Na mimi nikakumbuka. Ile saa giza ilikuwa inaanza, unasimama kwa mlango, mkono moja kwa mbao, unaita uwanja yote: "Nani hajaingia?" Kuku, mbuzi, mtoto, mimi kama bado niko kwa njia. Ulikuwa hufungi mlango mpaka kila mtu ajibu. Hata watoto wa majirani walikuwa wanakujibu kutoka kwao, kwa mchezo, "Mimiii!" Na wewe unawaambia, "Basi ingieni kwenu!" Tangu uende hakuna mtu amesema hiyo maneno hapa kwetu. Mimi nilikuwa nafunga tu mlango.

Mumbua akasema, "Ndio hiyo nitasema."

Siku ya kufunga shule nilivaa ile shati ya Kanisa. Wamama wa mwethya walikuwa benchi ya mbele, Mama Kioko nyuma amekuja na sweta yake ya kufuma. Faith alitoka na nguo yake, akaimba. Sitakudanganya, aliimba vizuri. Akapotea kwa msitu, msitu ni matawi mtu ameshika. Akaketi chini akalia ile ya mchezo.

Halafu Mumbua akatoka na shuka. Ilikuwa yako, ile nyeusi ulikuwa unambeba nayo. Hakusimama nyuma. Alikuja mpaka mbele, akafungua mikono na shuka, akasema, "Mimi ni usiku. Nani hajaingia?"

Mama Mumbua, ilikuwa sauti yako. Si kama yako. Yako.

Nikaona mmoja wa wale wamama wa silanga ameweka mkono kwa mdomo. Nikafikiri, sasa watamwacha hapo hivyo na mikono juu. Halafu Mama Kioko huko nyuma akaita, "Mimiii!" Vile walikuwa wanafanya. Mama mwingine akaita, "Hata mimi!" Na mwingine. Wengine wanacheka, wengine wanapangusa macho na leso. Mumbua anawaambia, "Ingieni. Ingieni." Hata watoto wa msitu wakaacha matawi wakakimbia chini ya shuka. Faith akaangalia huku na huku, hakuna mtu alikuwa amemwambia hii. Akasema kidogo, "Hata mimi sijaingia." Mumbua akainua shuka akamwambia, "Si ukuje basi." Akaingia.

Sasa asubuhi ilikuwa inangoja, ni kijana ya kwa kina Mutua na karatasi ya manjano kwa kifua. Mwalimu anamsukuma aende, usiku inatakiwa itoke. Kijana akaenda. Mumbua akamwambia, "Asubuhi, ngoja kidogo. Bado naangalia kama wote wameingia."

Shule nzima ilianguka kicheko. Asubuhi ilingoja.

Mwisho wakapanga laini kila mtu aseme jina. Ikafika yeye. Nilikuwa nimeshika benchi. Kama angesema ile jina ya kanda, ningesema nini? Akasema, "Mimi ni Mumbua. Nilikuwa usiku."

Nilisimama. Sikujua nimesimama. Nikaita, "Mwaitu!" mbele ya watu wote, mzee mzima.

Akaitika.

Basi usifikiri kila kitu imeisha. Jumamosi iliyofuata alienda kwa Mama Kioko kama kawaida. Sijamkataza. Prinses bado ni mweupe na mweusi bado ni farasi. Mimi siwezi kufika kwa hao wenye huchora, hata sijui wanakaa wapi. Na mtoto bado husimama mbele ya kile kioo chako akijishika nywele, akiniona anatoka. Mimi naona.

Lakini alimwuliza mwalimu katuni hutengenezwa aje. Akaambiwa ni picha mingi tu, moja inafuata ingine, mtu ananyoosha mkono kidogo kidogo. Akakuja akaniuliza, "Baba, wewe unaweza kuniletea kitu ya kuchora?" Karatasi hatuna. Sasa kule kazini kuna zile vipande bapa huanguka tukichonga. Nilikuwa natupa. Sasa naleta kwa gunia, naosha vumbi kwanza, yeye anachora na makaa ya jiko. Moja inafuata ingine. Amepanga kwa ukuta ya nyumba mpaka kwa choo. Nzioka wa kule kazini hunicheka, ati nalipwa mawe nabeba mawe. Wacha acheke.

Ni prinses wa Kalama. Ni mweusi. Makaa haiwezi kuchora mwingine. Ako na mtungi na ako na mbuzi, na anaitwa Mumbua. Nilimwuliza, "Na huyu, mama yake alikufa lini?" Akaniangalia kama mimi ndio sijasoma. Akasema, "Baba, kwa hii yangu mama hafi."

Basi nakuaga hapo, Mama Mumbua, mkono imechoka. Nakuahidi hivi. Jina yake itaitwa kwa hii boma kila siku, na sauti. Jioni nitasimama kwa mlango nitauliza nani hajaingia, hata kama sauti yangu ni mbaya. Na mawe nitaleta mpaka amalize, na akimaliza aanze ingine.

Jana alinipatia moja akasema hii si ya ukuta, ni ya kupeleka kwako. Ni wewe. Umesimama kwa mlango, mkono moja kwa mbao. Nimeiweka hapo kwa kaburi, juu ya udongo, inaangalia nyumba. Ni makaa tu, mvua itafuta.

Ikifuta, nitaleta ingine.

Baba Mumbua