Macho Matatu ya Kobe

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mkunga kaniletea Kobe. Kobe ni pikipiki yake ya matairi matatu, ile yenye kibanda nyuma, anayobebea wajawazito. Taa ya mbele ilivunjika, basi fundi mmoja kamfungia taa ya lori! Taa kubwa kuliko pua. Ukikata kona kushoto, usukani unagonga taa, umekwama. Kulia hakuna shida. Nikamwambia Mkunga awe anazunguka kulia tu, mwisho atafika. Hakucheka.

Mzee Rula wa ukaguzi wa magari kampa mpaka Ijumaa. Taa isipokaa sawa, Kobe hatembei. Na wajawazito wa huko mashambani waje kwa miguu?

Nafasi iliyopo puani ni upana wa kikombe cha chai. Nimesema inawezekana. Mimi husema kwanza, nafikiri baadaye.

Jumanne, 4 Machi

Chumba cha kulala sasa ni karakana. Kitanda uani, blanketi dirishani, giza totoro saa nne asubuhi. Mama watoto anauliza tumekuwa popo lini. Amenuna, lakini betri kanishikia.

Anachotaka Mzee Rula ni hiki: hatua tano kutoka ukutani, mwanga ubaki chini ya mstari. Juu ya mstari giza, kama umekata kwa kisu. Ila kule kando ya barabara mwanga uinuke kidogo, waendao kwa miguu waonekane. Anayekuja mbele yako asimulikwe machoni. Kuwasha taa kila mtu anaweza. Kuukata mwanga — hapo ndipo jasho!

Nikachukua balbu ndogo ya LED, kioo cha kukuzia, na kipande cha kopo cha kuzibia mwanga. Nataka giza juu, si ndiyo? Basi kopo nikaliweka juu. Nikawasha. Chini giza, darini mchana kweupe! Hata buibui kashtuka. Mama watoto kacheka mpaka kakaa chini: unatafuta barabara darini, baba?

Kumbe kile kioo kinapindua kila kitu. Saa nzima nabishana nacho. Nikahamishia kopo chini. Mstari huo, umenyooka! Nikauwekea alama ya mkaa, ukuta tuliopaka rangi juzi. Hapo akaacha kucheka.

Jumatano, 5 Machi

Mbaya leo. Taa kubwa ina huruma, ukikosea kidogo inakusamehe. Hii ndogo haina. Nikisogeza balbu unene wa njiti ya kiberiti, mwanga unaruka kutoka mstarini mpaka kwenye kalenda. Halafu ukimwagika kwa upana, hauendi mbali. Nikiubana uende mbali, unakuwa mwembamba kama mrija. Kimoja unapata, kingine unakosa. Nimetukana kioo. Kioo kimenyamaza, kina adabu kuliko mimi.

Mchana Mkunga kapita kuchungulia. Nikamweleza, nikitegemea pole. Akasema yeye hazalishi peke yake. Mmoja anamshika mama mkono, mmoja anashika taa, yeye ana mtoto tu. Angefanya yote mwenyewe angeua watu. Akavaa ndala zake, akaenda zake.

Nikarudi mbio kwenye kioo changu.

Macho matatu! Vioo vitatu vidogo, kila kimoja kama kizibo cha soda, vyote ndani ya nafasi ileile ya kikombe. Cha kwanza kimwage pana, karibu na tairi. Cha pili kipige mbali. Cha tatu kiinue mwanga kidogo kule kando. Kila mtu na kazi yake, hakuna kuingiliana.

Alhamisi, 6 Machi

Vidole vimeungua. Balbu tatu kikombe kimoja, joto lake kama jikoni. Nyuma nimebandika bati nene lipoze. Mama watoto anauliza mfuniko wa sufuria kubwa uko wapi. Nitamjibu kesho.

Ijumaa, 7 Machi

IMEPITA!

Mzee Rula kaweka rula ukutani. Kainama. Akamuuliza Mkunga hii kainunua wapi. Mkunga akanyoosha kidole kwangu. Akanigeukia: umesomea wapi? Nikasema darasa la nne, mzee, na hilo nilirudia ndiyo maana nalijua vizuri. Akainama tena kutazama. Alitabasamu! Nimeona kwa macho yangu.

Cheti kagonga muhuri. Skrubu za kupandisha na kushusha taa kazipaka rangi nyekundu: mtu akizigusa, cheti kimekufa, Kobe anafungiwa. Sawa kabisa, mzee. Azigusaye nani?

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya zahanati.

Saa moja kasoro, giza linaingia, Mkunga kasimama kwangu. Nyuma kabeba mjamzito, mama mkwe wake na furushi la nguo. Kaja kuuliza mbona magari yote yanampigia honi. Dereva mmoja kafunika uso, nusura aingie mtaroni.

Nikatazama ukuta wangu. Mwanga uko usawa wa dirisha! Usawa wa macho ya mtu!

Yule Mzee Rula alimpima Kobe akiwa mtupu. Na mimi vilevile. Siku nne zote hizo, hakuna hata mmoja wetu aliyemweka mtu nyuma. Na Kobe kazi yake ni nini? Kubeba watu! Ukipakia, matako yanashuka, pua inapanda, na mwanga wangu mzuri uliokatwa kwa kisu unampofusha kila anayekuja.

Bisibisi ilikuwa mfukoni. Rangi nyekundu ikanitazama. Mjamzito akapiga ukelele. Nikafanya nini? Nikakaa juu ya tangi, mbele ya Mkunga, na kilo zangu zote mia, magoti sikioni. Pua ikashuka. Tumekuja hivyo mpaka hapa. Mkunga anasema hajawahi kubeba mjamzito mkubwa kama mimi.

Ofisi ya Mzee Rula inafunguliwa Jumatatu.

Mkunga katoka sasa hivi, glavu mkononi. Mtoto kalala vibaya, hapa hapawezekani, lazima hospitali kubwa. Nyuma wataingia wanne, na tangini anakaa nesi mwembamba na dripu, uzito wake hauishushi pua. Mimi sina nafasi. Ananiuliza: fundi, tunaondoka au hatuondoki?

Nusu mzunguko wa skrubu tu, mwanga unashuka. Nimeshapiga goti mbele ya taa, daftari pajani, bisibisi mkononi. Rangi haijakauka vizuri, imenishika kidoleni —