Wale Tisini na Tisa Aliwaacha na Nani?

Mama Praygod, mwaka umetimia. Ijumaa ya pili ya mwezi wa nane mwaka jana ulianguka katikati ya mbaazi, saa nne asubuhi, kamba ya kuzifungia bado iko mkononi, na mpaka leo naamka nikijiuliza imekuwaje mtu afe akiwa mwendo wa robo saa tu kutoka kwa mganga.

Binti yetu Evelyne alitaka tangazo hili la kumbukumbu tuliandike kwa ufupi kama wanavyoandika wengine: mama mpole, mcheshi, mcha Mungu. Nikamwambia hayo yote ni kweli, lakini yanamfaa mama wa kila mtu. Mimi niliishia darasa la nne, naandika kama ninavyosema. Atakayechoka aachie njiani.

Jumamosi hii tunakusomea ibada ya mwaka hapa nyumbani Mutuka. Wazee wa kanisa walipanga bila kuniuliza kwamba Neno litasomwa na Daktari Jesse, kwa sababu naye ni mzee wa kanisa na ana sauti nzuri. Nikaapa mbele yao kwamba huyo mtu hataingia getini kwangu nikiwa hai. Kwa hiyo nikisema na wewe leo, nasema pia na wao, na nitaeleza mpaka mwisho.

Watu wanakujua kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Miaka ishirini na tisa, tangu tulipohamia huku kutoka Machame na Praygod mgongoni. Wasichojua ni kwamba mwanafunzi wako wa kwanza nilikuwa mimi. Kila Jumamosi mchana ulikaa jikoni unachambua maharage, mimi nimekaa juu ya ndoo, unanisimulia mfano wa kesho yake. Ulisema ukiingia kwenye kichwa changu utaingia kwa yeyote.

Na mimi nilikuwa mbishi. Ule mfano wa mpanzi nilikukatisha hujafika hata kwenye udongo mzuri.

"Mpanzi gani anamwaga mbegu njiani na kwenye mawe? Angekuwa kibarua wangu ningemfukuza kabla ya chai."

Ulicheka mpaka sinia likaegama. "Baba Praygod, njia yenyewe ndiyo wewe. Mbegu ikikugonga inaruka."

Haradali hatuijui huku, ukachukua mbegu za mchicha, ukamwekea kila mtoto moja kwenye kiganja na kumwambia asiidondoshe mpaka sala ya mwisho. Wengi walidondosha. Uliwaambia tu, "Haya, mmeona ilivyo ndogo." Siku ya mfano wa chachu uliwapelekea beseni la unga umefunikwa kanga, wakae nao ibada nzima wakiutazama. Mwinjilisti alilalamika kwamba watoto hawamsikilizi, wanasikiliza beseni.

Hukuwa na tabia ya kusema maana yake ni hii na hii. Uliwaacha waende nayo nyumbani. Kuna wazazi walikasirika, watoto wanawauliza maswali wakati wa kula.

Sasa nifike kwa Mzee Gidamis. Yeye ni mfugaji, alihamia Sigino na mifugo yake kutoka tambarare za Hanang. Hakubatizwa. Alikuwa anamleta mjukuu wake wa kike, halafu anasimama mlangoni na fimbo anasikiliza. Jumapili yako ya mwisho, ambayo hatukujua ni ya mwisho, ulifundisha mfano wa kondoo aliyepotea. Ulinisimulia mwenyewe ulivyorudi. Kumbe mzee aliinua fimbo kama mwanafunzi anayeinua mkono.

"Mwalimu. Huyo mtu ana kondoo mia."

"Ndiyo, mzee."

"Amepoteza mmoja. Ameenda kutafuta."

"Ameenda."

"Wale tisini na tisa aliwaacha na nani?"

Ukamwambia aliwaacha nyikani, ndivyo Neno linavyosema. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nyikani kuna fisi, Mwalimu. Basi jioni ana kondoo mmoja."

Darasa zima likacheka, na wewe ukacheka, lakini swali lile ulirudi nalo nyumbani. Na mimi, Mama Praygod, ndipo niliposema lile neno. Nilisema, "Huyo mzee ana akili kuliko mwinjilisti. Mchungaji mwenye akili anakubali hasara ya mmoja, anabaki na wengi." Nililisema huku natafuna. Ulinitazama kama mtu anayetazama mvua iko upande gani, ukasema utamwendea mzee bomani kwake umuulize yeye anafanyaje. Alhamisi ukaenda. Jioni ulirudi unaimba, nikakuuliza amejibu nini, ukasema, "Utasikia Jumamosi, hapo hapo kwenye ndoo yako."

Ijumaa ukaanguka.

Nilikuacha na Mama Viola, jirani, akikupepea, nikakimbia mpaka kituo cha afya. Watu walikuwa wamejaa mabenchi yote mpaka nje. Nikamkuta Daktari Jesse, mganga mfawidhi, ana glavu zenye damu. Nikamwambia mke wangu ameanguka shambani, mdomo umepinda, hasemi, anakoroma. Nikamwambia twende, pikipiki ipo. Akaniuliza maswali mawili, akanijibu, "Mzee, mlete hapa. Siwezi kuacha watu wote hawa kwa ajili ya mgonjwa mmoja."

Nikauliza gari la wagonjwa. Gari lilikuwa limechukuliwa na wakubwa, limekwenda kubeba viti na mahema ya wageni wa ziara. Viti, Mama Praygod. Gari limeandikwa ubavuni kwamba ni la wagonjwa, limebeba viti vya plastiki.

Tulikupakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimekukumbatia, kichwa chako begani kwangu. Ulikata roho kabla hatujaimaliza barabara ya vumbi. Nilijua, lakini sikumwambia dereva. Nilimwacha akimbie tu.

Na njia nzima maneno ya daktari yalikuwa yananiuma kuliko yanavyopaswa, kwa sababu niliyatambua. Yalikuwa ni yangu. Niliyasema mimi jikoni Jumapili. Sijamwambia mtu yeyote hili mpaka leo, hata Evelyne analisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Mwaka huu wote nimezunguka na malalamiko yangu. Ofisi ya kwanza wakaniambia niandike barua. Ya pili wakaniambia barua haina muhuri wa mtaa. Ya tatu kijana mmoja mwenye tai akaniambia jalada liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko kikaoni, njoo wiki ijayo. Nimekwenda hizo wiki zijazo kumi na moja. Hakuna aliyenifukuza. Wanakukaribisha vizuri, wanakupa kiti, unaondoka mikono mitupu. Mtu akikutukana angalau unajua umefika.

Daktari Jesse alikuja hapa mwezi wa pili baada ya mazishi. Alisimama nje ya geti, mimi ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kuwapa pole. Siku ile nilikuwa peke yangu, mzee wangu."

"Hata mimi niko peke yangu sasa," nikamwambia, na nikafunga geti.

Nililiona hilo neno kuwa zuri sana. Nililirudia sokoni, nikalirudia kanisani. Evelyne alinikemea, akasema, "Baba, unamsema mtu kama unasimulia mpira." Praygod akaniunga mkono. Watoto wako wamegawanyika kwa ajili yangu, hawajapigiana simu tangu Pasaka. Hilo nalo nakuambia.

Basi wiki mbili zilizopita Mzee Gidamis akaja. Alikuwa amesikia kwamba ibada ina ugomvi. Alikataa kiti, akachuchumaa, akaniuliza kama ulinipa lile jibu lake. Nikamwambia hukuwahi.

Akasema: "Mke wako alikaa juu ya gogo pale kwangu. Akaniuliza, mzee, ukipoteza mmoja unafanyaje? Nikamwambia napiga ukelele. Jirani wa upande huu anakuja, wa upande ule anakuja, wanasimama na mifugo. Mimi naenda. Hakuna mtu anachunga mia peke yake. Ukiona mtu anachunga mia peke yake, usimtukane huyo. Uliza mwenye mifugo ni nani."

Nikamuuliza ulisemaje.

"Alifungua kitabu chake, akatafuta kwa kidole, akacheka peke yake. Akanisomea kwamba huyo mtu akirudi na kondoo begani anawaita rafiki na jirani. Akasema, mzee, kumbe majirani walikuwepo, mimi nimefundisha miaka yote hii nimewaruka!"

Mzee aliondoka hata chai hakunywa. Nilikaa hapo mpaka jua likahama. Nilikuwa nakusikia unavyosema hilo neno, kumbe, na jinsi ungelisema Jumamosi ile, na mimi ningebisha nini. Nadhani nisingebisha.

Siku ya tatu nikaenda kwa Daktari Jesse. Sikwenda kwa wema. Nilikwenda kuuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Sijaja kuamkiwa. Siku ile mlikuwa wangapi pale?"

"Mmoja. Muuguzi alikuwa likizo ya uzazi, hawakuleta mwingine."

"Uliomba?"

"Niliandika barua nne."

"Wakajibu?"

"Wakajibu nivumilie."

Nikamuuliza ile damu kwenye glavu ilikuwa ya nani. Akasema kulikuwa na mama wa Singe amejifungua wakati ule ule, damu haikati. Nikamuuliza kama alipona. Akasema alipona, yeye na mtoto. Mama Praygod, nilitamani aseme hakupona. Mungu anisamehe, nilitamani hivyo, kwa sababu ningepata pa kumshikia. Nikatazama chini. Naye hakusema kitu cha kunituliza, na kwa hilo nilimshukuru. Mwisho akasema, "Mzee, ningeweza kumtuma mtu na dawa ya presha. Sikufikiri. Nalala na hilo."

Hilo halikuwamo kwenye maneno aliyoniletea getini. Ndilo nililokuwa nalitafuta kwenye ofisi zote zile.

Mimi sikujaliwa moyo wako. Sijui kama nimesamehe, na sitaki mtu aje kunipongeza siku ya ibada. Evelyne anasema nimesamehe. Praygod anasema nimechoka. Inawezekana wote wawili wako sawa. Ninachojua ni kwamba mwaka mzima nilikuwa nampiga mawe yule mchungaji aliyewekwa peke yake, huku mwenye mifugo amekaa kivulini ananiambia njoo wiki ijayo. Alinufaika sana na hasira yangu. Kila nilipomsema Jesse sokoni, hakuna aliyeuliza viti vilikwenda wapi na gari lile.

Wakubwa wakisoma hapa, wasome polepole. Sikutaja jina la mtu wala ofisi, mnajijua. Mlimweka mtu mmoja mbele ya mabenchi yale yote, mkachukua na gari lake, halafu mkamwachia yeye achague nani afe. Na alipochagua mkamwacha achukiwe peke yake.

Kwa hiyo nimewaambia wazee wa kanisa hivi. Daktari Jesse aje Jumamosi, na ndiye atakayesoma. Asome mfano wa kondoo, wote, asiwaruke majirani. Mzee Gidamis nimempa kiti cha mbele, amesema atasimama. Praygod anakuja kutoka Mirerani, na Evelyne ndiye atakayempokea stendi, nimewaamuru wote wawili.

Na Jumatatu yake, saa mbili asubuhi, mimi na Daktari Jesse tunakwenda ofisini pamoja. Barua ni moja, ina majina mawili, lake na langu. Ameniruhusu niandike jina lake hapa, akijua kwamba inaweza kumgharimu kazi. Tunaomba muuguzi wa pili, na gari la wagonjwa libebe wagonjwa. Mama Viola amesema na yeye atatia sahihi. Mwinjilisti naye amesema atakuja, ingawa alikohoa kwanza. Yeyote wa Mutuka, Singe au Sigino anayetaka kusimama na sisi atatukuta nje ya mlango. Safari hii sikai kwenye kiti chao.

Unakumbukwa na mimi mumeo Elimringi. Wanao Praygod na Evelyne. Mkweo Devotha na wajukuu wako watatu. Dada yako Ester kule Machame. Jirani yako Mama Viola. Na watoto wote wa shule ya Jumapili, ambao sasa wanafundishwa na Evelyne, na wanamsumbua kwa maswali vilevile kama ulivyowazoesha.

Lala, Elieshi. Siku zote tulizobakiziwa, wewe hutoki mioyoni mwetu.